Taa Isiyotulia Wakati wa Maombi

Barua ya pili ilipofika, Orpha hakuifungua. Aliiokota pale chini ya mlango, akaiweka juu ya friji, akapika, akala, akaosha vyombo, ndipo akakaa nayo. Bahasha ya kampuni ya mtandao alishaijua. Ya kwanza ilimnyima usingizi. Hii ilimchosha tu.

Akampigia rafiki yake Adrienne wa Farsta, aliyesoma Kiswidi kumzidi, akamtajia maneno moja moja.

"Wanasema kwenye laini yako kuna mtu anapakua filamu na kuwagawia wengine, bila ruhusa ya wenyewe," Adrienne alimfafanulia. "Wakiona tena, wanakukatia. Ee Mama Olive, umefungua sinema na hutualiki?"

"Sinema gani? Mimi nikiwasha televisheni nasinzia kabla haijasema habari."

"Basi wapigie, uwaambie si wewe."

Aliwapigia. Alisikiliza muziki wa kusubiri mpaka sikio likapata joto, kisha kijana mmoja akamjibu kwa upole mwingi usio na msaada. Wao hawajui nani yuko ndani ya nyumba, alisema. Wanachojua ni laini, na laini ina jina lake. Labda abadilishe neno la siri.

Orpha alitazama ukutani. Neno la siri lilikuwa limebandikwa juu ya kochi, kwa kalamu nene, hata aliyekaa mbali alisome. Wageni waliomjia hapo Hagsätra, pembeni mwa Stockholm, walikuwa wakiliuliza kabla ya chai, na kumnyima mtu mtandao ilikuwa kama kumnyima kiti.

Lakini kukatiwa asingeweza. Jengo lile lilikuwa na waya wa kampuni hiyo moja tu. Na kila Jumamosi, kule Bukavu, mama yake alikuwa akimpeleka Olive kwenye duka la kompyuta, mtoto akaketi mbele ya kioo na kumwona mama yake. Orpha alimwacha akiwa bado anatambaa. Karatasi za kumleta Stockholm zilikuwa zikisubiri, na mtoto alikuwa akikua bila kusubiri. Wakati mwingine alishaanza kumwita bibi yake "mama". Kioo kile kikizimika, angekuja siku moja kushuka kwenye ndege na kutafuta mama yake ni yupi.

Kwa hiyo Orpha hakumlaumu mtu. Alinyamaza, akawa anatazama.

Jumapili alasiri kikundi cha maombi kilikuja kwake kama kawaida. Kikapu kilipita, kila mtu akazima simu yake na kuitia humo, kwa kuwa Papa Édouard, kiongozi wao, hakutaka shetani apige simu katikati ya sala. Papa Édouard ndiye aliyempokea Orpha stesheni alipofika nchi hii, akamvalisha koti lake mwenyewe, akamlaza sebuleni kwake baridi yote. Kinanda hawakuwa nacho, basi aliweka kompyuta yake mezani, ikawapigia muziki wa nyimbo.

"Tufumbe macho," alisema.

Wote wakafumba. Orpha akayafungua.

Pale kwenye rafu, kisanduku cha mtandao kilikuwa na taa moja ya kijani. Taa ile ilikuwa ikipepesa kama mtu aliyeingiwa na mchanga machoni. Simu zote zimezimwa, zimo kikapuni. Nani anakitumia? Akaitazama kompyuta. Muziki ulikuwa umekwisha, lakini taa haikutulia. Watu wakasema amina, Papa Édouard akafunga mfuniko wa kompyuta yake, na taa ikapoa, ikabaki kukonyeza mara moja moja.

Orpha alisema amina nyuma ya wengine. Afadhali angekuwa mtu mwingine yeyote.

Watu walipokuwa wakinywa chai alimwita jikoni, akarudisha mlango.

"Papa, kompyuta yako inafanya nini tukiomba?"

"Inapiga muziki, mwanangu. Si unasikia?"

"Na kingine?"

Mzee alikunja mdomo. "Bon, sawa. Kuna filamu zinashuka humo, kidogo kidogo. Za watoto. Na mama yao anapenda zile za mapenzi, hawezi kulala bila kulia."

"Na mtandao wa kwenu?"

"Walishatukatia." Alishusha sauti. "Tangu kabla ya Noeli. Orpha, usimwambie mtu. Mimi ndiye ninayewahubiria habari za wizi."

Orpha akachukua barua zote mbili juu ya friji, akampa. Mzee alizisoma, akazikunja vizuri kuliko alivyozikuta.

"Mais, lakini mtandao si sukari," alisema. "Nikichota, wewe unapungukiwa nini?"

"Olive."

"Kuna simu."

"Kwenye simu hanijui, Papa. Anajua uso."

"Sikukuhesabia siku ulizokaa kwangu."

"Najua. Ndiyo maana nimekuita jikoni, sikukusemesha mbele ya watu." Akavuta pumzi. "Usiilete tena hapa. Nakuomba. Tutaimba kwa midomo."

Mzee alifungua mlango. Alirudi sebuleni, akachukua koti na kompyuta, akawaaga wengine kwa furaha nyingi mno.

Jioni ile Orpha alibandua karatasi ukutani, akaelekezwa na Adrienne kwa simu namna ya kubadilisha neno la siri. Sababu hakuisema.

Katikati ya juma Papa Édouard aliwatangazia kwamba maombi yanahamia Farsta, kwa Adrienne, sebule kule ni kubwa. Orpha, naye, akapumzike, kazi zinamchosha. Watu wakamhurumia.

Jumamosi, Olive alikuwa ameshatokea kwenye kioo simu ya Adrienne ilipolia.

"Mama Olive, Papa Édouard kaniuliza neno la siri la hapa kwangu, eti ajiandae kwa kesho. Nimpe?"

Orpha aliikumbuka ahadi aliyoombwa jikoni, na koti la stesheni. Akamfikiria Adrienne akiokota bahasha kama zile mlangoni kwake.

"Usimpe."

"Heh! Mzee wa watu? Kwa nini?"

"Usimpe tu, dada. Mwambie ni mimi niliyekukataza."

"Atakasirika na wewe."

"Ameshakasirika."

Adrienne alitaka kuuliza zaidi, lakini Orpha alimwambia kuna mtu anamsubiri. Akakata simu, akaigeuza kifudifudi mezani.

"Ulikuwa unaongea na nani?" Olive aliuliza kutoka Bukavu, sauti ikitangulia midomo.

"Na watu wa kanisa."

"Uko peke yako leo?"

"Niko peke yangu."

Mtoto aliinama, akamtazama kwa makini, kama anayesoma.

"Sogea karibu na taa, mama," alisema. "Nusu ya uso wako siioni."

Orpha akasogeza kiti.