Sababu Zisizozuilika

Baada ya matokeo kutangazwa, watu walimiminika nyumbani kwa Jaji kumweleza jinsi ambavyo angeshinda urais. Walikuja kama wanaokuja msibani: wanavua viatu mlangoni, wanashusha pumzi, wanakaa, halafu wanaanza. Angeshinda kama asingemchokoza mpinzani wake, waziri wa zamani, kwenye mdahalo. Angeshinda kama angeanza kampeni mapema. Shemeji yake mmoja, ambaye hajawahi kupiga kura maishani mwake, alimwambia kosa lilikuwa kutotabasamu.

Jaji aliwasikiliza wote. Kazi ya mahakamani ilimzoesha kumwacha mtu aseme hadi aishiwe. Alikuwa akiitikia "kweli," "sawa," "ndiyo hivyo," akimsindikiza mgeni hadi getini, kisha anarudi kulaza kichwa kwenye meza ya chakula mpaka hodi nyingine isikike. Kura alizozidiwa zilikuwa chache mno. Wenye kura hizo ungewaketisha wote kwenye uwanja mmoja wa mpira, na viti vikabaki. Angeangushwa vibaya, wangemwacha apumzike. Kukosa kidogo ndiko kulikomchosha.

Katika chumba cha nyuma alilala mama yake. Kiharusi kilimpata kampeni zikiwa ukingoni, kikamwachia mkono mmoja mzito na ulimi unaoburuta maneno. Akili yake lakini ilikuwa kali vilevile, na redio haikubanduka kando ya mto wake.

Siku ile mama alipoanguka, Jaji alikuwa njiani kwenda kuhutubia mji wa kiwanda cha nguo, mji uliokuwa upande wake tangu mwanzo. Simu ikaingia, akageuza gari. Mratibu wake wa kampeni, bwana mmoja asiyejua kulala wala kunyamaza, akampigia.

"Jaji, watu wameshajaa uwanjani. Niwaambie nini?"

"Waambie mama yangu anaumwa."

"Hapo umewapa wapinzani mdomo. Kila siku wanasema mwanamke akipewa nchi ataiacha akimbilie mambo ya nyumbani. Leo ndiyo tuwathibitishie?"

Gari lilikuwa linakaribia hospitali. Jaji alikuwa anatafuta kitambulisho cha mama kwenye mkoba, hakioni.

"Fanya unavyoona," akasema, akakata.

Likatoka tangazo kwamba mkutano umeahirishwa kwa sababu zisizozuilika. Haukufanyika tena, na mji ule ukampa kura mpinzani wake.

Jumamosi moja mchana Jaji alikuwa jikoni akimpondea mama viazi. Kwenye redio ya mama, iliyosikika hadi jikoni, kilikuwa kipindi cha wasikilizaji kupiga simu, na mchambuzi wa siasa alikuwa haachi kuuzungumzia mji wa kiwanda.

"Alikuwa nao mkononi," alisema. "Akaudharau. Sababu zisizozuilika ndizo zipi? Angefika pale hata kwa robo saa, leo tungekuwa tunamwita mheshimiwa rais."

"Tuna msikilizaji kwenye simu," mtangazaji akadakia. "Karibu. Nani mwenzetu?"

"Mimi ndiyo hizo sababu zisizozuilika."

Jaji aliisikia sauti ile mara mbili, kwanza kutoka kinywani mwa mama chumba cha nyuma, kisha ikimfuata kutoka redioni. Akabaki na mwiko hewani.

"Mama, tafadhali punguza redio yako," mtangazaji akaomba.

"Sipunguzi, mkono wenyewe hauna nguvu. Nisikilizeni hivyohivyo. Nilianguka bafuni. Mwanangu akageuza gari, akaja akanifuta mate, akanigeuza kitandani kama mtoto mchanga. Wewe bwana unayejua kila kitu, mama yako yupo?"

"Yupo," mchambuzi akajibu taratibu.

"Ukiambiwa ameanguka, utaenda kwake au utaenda redioni?"

Mtangazaji akawahi kumwokoa mchambuzi kwa simu nyingine, ikaingia ya mwanamke aliyesema alikuwa mshonaji kwenye kile kiwanda kabla hakijafungwa.

"Pole sana, mama," alisema. "Sisi tulifagia uwanja, tukanyeshewa tukimsubiri. Hatukuambiwa sababu yenyewe. Tukasema, basi huyu ametuona takataka kabla hata hajafika ikulu. Mngetuambia tu kwamba mama anaumwa! Nani kati yetu hajawahi kuacha kazi kwa ajili ya mama yake? Mimi yule mwingine nilimpigia kura kwa hasira. Hata simpendi."

Jaji alikuwa ameshafika mlangoni mwa chumba. Akaketi ukingoni mwa kitanda, mwiko bado mkononi, viazi vikidondokea shuka.

"Uliona aibu kunitaja?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Nilichoka. Nikaacha mtu mwingine aseme badala yangu."

"Nami nimelala humu siku zote hizi nikijua nimekunyang'anya kiti."

"Hukuninyang'anya. Ningekutaja, ungenipa."

Mama akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, machozi yakimtoka kwa pande zote mbili.

Simu ya Jaji ikaita. Alikuwa Mratibu, anahema.

"Umesikia? Watu wanalia huko! Tumweke mama mbele ya waandishi wa habari, halafu tupeleke kesi mahakamani wakati huruma bado ya moto."

"Mahakama haihesabu huruma. Kura zilishapigwa."

"Basi uchaguzi ujao, Jaji! Hii ndiyo—"

"Nenda kalale, ndugu yangu," akamwambia, bila hasira. Akazima simu, akajinyoosha sakafuni karibu na kitanda, na viatu vyake miguuni. Mgeni mwingine alipobisha, mama, akiwa kitandani, alimpigia kelele kupitia dirisha kwamba Jaji amesafiri.

Siku chache baadaye alisafiri kweli. Alikwenda mji wa kiwanda bila msafara wala vipaza sauti, akasimama penye kivuli cha ukuta wa kiwanda na kuwaambia waliokuja kwamba siku ile alikuwa hospitali na kwamba walistahili kuambiwa. Hawakuwa wengi. Mzee mmoja alimjibu kwamba maneno hayo yamechelewa, akaondoka zake. Yule mshonaji aliyepiga simu redioni alimshika mkono, akamwuliza kama mama ameanza kutembea.

"Anajitahidi," Jaji akasema. "Jana alifika mlangoni."

"Akifika nje, mpe salamu zetu."

Jaji akaitikia, akaingia garini. Alitaka kufika nyumbani kabla mama hajaamka usingizi wa mchana.