Kinasa Kisichosikia Mkono

Orvell Teague aliingia dukani kwa Cleotha Banks siku ya Alhamisi, baada ya chakula cha mchana. Gitaa lake alikuwa amelitia ndani ya gunia la mbegu za soya, na mkono wake wa kulia ulikuwa mfukoni. Tangu baridi iishe mkono huo ulishinda mfukoni.

Cleotha alikuwa fundi wa redio na amplifaya, pekee aliyebaki upande ule wa mto Yazoo. Wawili hao walijuana tangu utotoni. Cleotha alilitoa gitaa guniani, akaligeuza, akalipiga kofi la mgongo kama mtu anayemcheulisha mtoto.

"Kumbe ni kweli. Umeunda gitaa kwa kasha la sigara nene. Mtu mzima na akili zako."

"Zilikuwa sigara za mwenye shamba. Alikuwa analitupa."

"Na shingo je?"

"Ubao wa tela. Mwaloni."

"Nyuzi tatu. Zile sita zilikukosea nini, Orvell?"

"Nilitaka kitu chepesi," Orvell alisema.

Hakusema kwamba mkono wa kushoto ulikuwa umekakamaa, haukuweza tena kukumbatia shingo ya gitaa la nyuzi sita. Gitaa hili alilipiga kwa kutelezesha shingo ya chupa juu ya nyuzi, bila kubana chochote. Na hakusema lolote kuhusu mkono wa kulia. Daktari wa mjini Greenwood ndiye pekee aliyejua. Alikuwa amemwambia mwezi wa kumi na moja, kwa sauti ya upole, jina la ugonjwa ambao Orvell aliutambua kabla haujatajwa, kwa sababu ndio uliomchukua baba yake.

Baba huyo, Mzee Amos Teague, alikuwa shemasi. Ugonjwa ulipomwanza, kanisa halikumtenga, lilimpenda mno. Kwanza walimpokonya sahani ya sadaka, wakisema apumzike. Kisha kikombe cha meza ya Bwana. Kisha mtu akawa anamshikia kitabu cha nyimbo. Mwisho walikuwa wakimwekea kiti pembeni na kumtabasamia, na Orvell, tangu akiwa na miaka kumi na tisa, alimwona baba yake akigeuka kuwa kitu cha kuonewa huruma kila Jumapili, miaka minane mfululizo, hadi walipomzika.

Yeye mwenyewe alikuwa amepiga gitaa katika kanisa hilohilo kwa miaka thelathini na minne. Lakini mchungaji mpya alileta ngoma kubwa na kinanda cha umeme, na gitaa la kasha halikusikika hata na aliyelipiga. Shemasi Purvis alikuwa amekwisha kumnong'oneza: "Ndugu Teague, ukitaka kupumzika kidogo, hakuna atakayekulaumu." Neno lilelile, kupumzika. Na Jumapili hii ilikuwa sikukuu ya kurudi nyumbani, watu waliohamia Memphis na Chicago wangerudi na kujaza viti vyote. Asiposikika siku hiyo, ndiyo basi.

"Nataka kinasa sauti cha gitaa, cha kuunganisha na amplifaya," alimwambia Cleotha. "Kabla ya Jumapili."

Cleotha alifungua droo akatoa kisahani cha shaba chembamba, kipana kama kifungo cha koti, chenye nyaya mbili.

"Hiki ndicho chako. Unakibandika chini ya kifuniko cha kasha, kinasikia kila kitu ambacho mbao zinasikia. Keti, nikuonyeshe."

Alikibandika kwa utepe, akachomeka waya kwenye amplifaya. Orvell akavaa shingo ya chupa kwenye kidole, akapiga. Sauti ilitoka nene, ya joto, kama mtu anayeimba ndani ya chumba cha mbao. Ilikuwa sauti nzuri kuliko alivyotarajia, na kwa kitambo kidogo alisahau kilichomleta. Alimaliza, akapumzisha mkono wa kulia juu ya kasha.

To-to-to-to-to, amplifaya ikasema.

Cleotha akainama kuisikiliza. "Kuna panya humo?"

Orvell akaurudisha mkono mfukoni. Kelele ikakatika. Mkono wake ulikuwa hivyo: ukifanya kazi, ulitulia, ukipumzika, ndipo ulipotetemeka.

"Sikitaki hicho," alisema. "Nipe cha sumaku."

"Cha sumaku kinasikia chuma tu. Hakisikii mbao, hakisikii kasha. Gitaa litalia kama waya wa kuanikia nguo."

"Kinasikia nyuzi tu?"

"Nyuzi tu. Ndiyo ubaya wake."

"Basi nipe hicho."

Cleotha alimtazama. Alivua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Nitalazimika kutoboa kifuniko. Na hiki nilikizungushia waya mwenyewe, kinavuma. Ukigusa nyuzi kinanyamaza, maana uvumo unapita mwilini mwako, ukiachia, kinaanza. Niachie hadi wiki ijayo, nikivishe karatasi ya shaba kisivume, nikuwekee na kitufe cha kupunguzia sauti."

"Jumapili, Cleotha."

"Mbona unaniharakisha kama mtu anayekimbizwa?"

"Toboa," Orvell alisema, na sauti yake ilimfanya Cleotha aache maswali na kuchukua msumeno mdogo.

Jumamosi asubuhi mkewe, Mozelle, alipokuwa kwenye mazoezi ya kwaya, Orvell alijaribu gitaa bandani. Alipiga wimbo mmoja baada ya mwingine. Kati ya wimbo na wimbo aliuacha mkono utetemeke juu ya kasha, hata akaligonga kwa makusudi. Amplifaya haikusema to wala to; ilivuma tu, basi. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akacheka peke yake hadi machozi yakamtoka. Kisha hayakukoma upesi kama alivyotaka.

Jumapili kanisa lilifurika. Wanawake waliokuja kutoka Chicago walijipepea, ngoma zikapigwa, na safari hii gitaa la Orvell lilikata katikati ya kelele zote kama kisu kipya. Watu waligeuka kumtazama. Mozelle, kule kwenye kwaya, alimwinulia nyusi, ishara yake ya kusema umeniweza leo. Nyimbo tatu. Mkono ulifanya kazi, ukatulia, na Orvell alihisi kwamba angeweza kuishi hivi mwaka mmoja, labda miwili, bila mtu kujua.

Ndipo mchungaji akainua mkono, ngoma zikanyamaza, akasema, "Tuwaombee wagonjwa wetu. Kila mtu kimya mbele za Bwana."

Watu mia mbili wakainamisha vichwa. Katika kimya hicho amplifaya ilivuma. Orvell akaikumbuka namna ya kuinyamazisha, akaweka mkono wa kulia juu ya nyuzi. Ikanyamaza. Lakini mkono ulikuwa sasa hauna kazi. Ukaanza. Kila ulipotetemeka ulizigusa nyuzi na kuziachia, na uvumo ukawa unakatika na kurudi, vuu, kimya, vuu, kimya, upesi upesi, kwa sauti iliyojaa kanisa zima, mahali ambapo hata mtoto hakukohoa.

Aliukandamiza mkono. Ukazidi. Aliuondoa, uvumo ukawa mmoja, mrefu, mkubwa. Amplifaya ilikuwa nyuma ya ngoma, hakuweza kuifikia bila kumruka mtu. Aliukamata mkono wa kulia kwa wa kushoto, shingo ya chupa ikateleza kidoleni na kupasuka sakafuni. Mwishowe akaung'oa waya kutoka kwenye kasha, na spika ikatoa mlio kama wa bunduki.

Macho yote yakafunguka. Orvell alikuwa ameketi mbele yao, gitaa mapajani, mkono wa kulia ukicheza hewani peke yake.

Mama Lovie, bibi wa miaka tisini na moja aliyekaa kiti cha mbele, aliutazama mkono ule. Alizungumza taratibu, bila ubaya wowote, kama anayemsalimia mtu wa zamani.

"Huo mkono ni wa Amos," alisema.

Orvell aliliweka gitaa chini, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Mozelle alimkuta kwenye gari, joho la kwaya bado mwilini. Alisimama dirishani.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa kumi na moja."

"Sasa ni mwezi wa nane, Orvell."

"Najua."

"Umenipakia humu, umenipeleka Jackson na kurudi na mkono huo, na wajukuu wamekaa nyuma. Ulidhani mimi nani, abiria?"

"Nilitaka nibaki na kitu kimoja," alisema. "Kimoja tu ambacho hawajaninyang'anya."

"Sijakuuliza kuhusu wao. Nakuuliza kuhusu mimi."

Mozelle alifungua mlango, akamwambia asogee, akaketi mbele ya usukani. Lakini hakuwasha gari. Kutoka ukumbi wa kanisa ilikuja harufu ya kambare wa kukaanga, na vicheko vya watu waliokuwa wakipanga meza.

"Twende tukale," Mozelle alisema baadaye.

"Siwezi kuingia humo."

"Leo huwezi. Sawa." Akalia kidogo, uso ameugeuzia dirishani, kisha akajifuta kwa mkono wa joho na kuondoka. Alirudi na sahani moja iliyofunikwa. Walikula kwa zamu.

Jumanne Shemasi Purvis aliileta amplifaya ya Orvell nyumbani, bila kuombwa. Aliisifu sana ile miaka thelathini na minne.

"Hajasema ameacha," Mozelle alimwambia, akiwa amesimama katikati ya mlango.

"Hapana, dada. Tumeona tu apumzike."

"Irudishe."

Shemasi alitabasamu kwa huruma, akaiacha barazani hata hivyo. Orvell aliyasikia yote akiwa jikoni. Alijua tabasamu lile bila kuliona. Gari lilipoondoka alitoka, akashika upande mmoja wa amplifaya, Mozelle akashika wa pili, na wakaiingiza ndani kabla ya mvua. Ilikuwa nzito kuliko alivyoikumbuka. Ilibidi waiweke chini mara mbili.