Mgongo wa Mkwe

Kicheko cha Meneja Elias kilinichefua kuliko utumbo wa sangara uliolala juani.

Kiwanda chetu cha minofu kilikuwa kimepata wawekezaji, nao walitaka tujifunze kuaminiana. Tukapelekwa ufukweni mwa ziwa, nao wageni hao wakaja kutazama. Kamba ilifungwa kati ya miti miwili, usawa wa kiuno, juu ya mawe. Mmoja anatembea juu yake, mwenzake anamfuata chini, mikono juu, macho mgongoni kwake. Akiteleza, unamkinga kichwa na kiuno. Jambo lenyewe zuri, sikatai.

Ikafika zamu ya mama Paskazia. Elias akamwita Shimba amkinge.

Shimba amemwoa binti wa Paskazia. Kwetu Usukumani mwanamume hamgusi mama mkwe wake, hata njiani humpisha. Kiwandani sisi wenyewe tuliwatenga, mama kwenye meza ya visu, Shimba kwenye barafu. Elias ni mtoto wa Kisesa, Msukuma mwenzetu, anayajua yote hayo.

"Bosi, hao ni wakwe," nikamwambia. "Nitamkinga mimi."

"Tereza, haya ni mambo ya soko huria. Ukwe uacheni nyumbani!" Akacheka, akawakonyeza wageni. "Atakayekataa, Jumatatu asije."

Nilisikia kinyaa. Mtu mzima anamdhalilisha mama wa watu ili wageni wacheke!

Paskazia akapanda, maana ana wajukuu wa kulisha. Shimba akamfuata, mikono juu, macho chini. Katikati ya kamba mama akayumba, mguu ukateleza.

Shimba hakumdaka. Alijitupa kifudifudi juu ya mawe, mama akamwangukia mgongoni.

"Mikono!" Elias akafoka. "Nilisema mikono! Wewe Jumatatu usije."

Shimba akainuka, damu puani, bila kugeuka nyuma. Paskazia akafunga kanga yake vizuri, akatazama pembeni.

"Tereza, mwambie mkwe wangu sikuumia. Mwambie nimeshukuru sana."

Shimba alikuwa hatua mbili tu kutoka kwetu. Nilimfikishia hivyo hivyo.

Elias akapanda mwenyewe awaonyeshe wageni inavyofanywa. Mimi ndiye niliyekuwa karibu, nikamfuata. Hakufika mbali, akateleza. Nilimdaka kwa mikono miwili, barabara, kama tulivyofundishwa, na wageni wakapiga makofi.

Kila siku napasua matumbo ya samaki, kisha nanawa maji matupu, nakula. Siku ile nilishuka ziwani nikasugua mikono kwa mchanga mpaka ikawasha.