Kifyatuo cha Ratili Kumi na Mbili

Kifyatuo cha bastola yangu kilihitaji nguvu ya ratili kumi na mbili na nusu. Nilikipima mwenyewe kwa mizani ya samaki, mara tano, nikachukua wastani. Kazi yangu ni kupima klorini kwenye maji ya mji, na sijui njia nyingine ya kulianza jambo.

Kifundo cha mkono wangu wa kulia kina bamba la chuma na skrubu sita. Aliyekivunja ni Garland Teague, mume wangu wa zamani, na alikuwa gerezani kwa kosa hilo. Angeachiwa tarehe 14 Oktoba. Bastola niliinunua tarehe 25 Septemba, kwa hiyo nilikuwa na siku kumi na tisa. Nilikuwa nimekwisha kumhama mara tatu, na mara zote tatu alinipata. Nyumba hii ya nne ilikuwa yangu kwa hati, nikaamua sitaihama. Lakini ili nibaki, ilinibidi niweze kupiga risasi zote tano, mfululizo, kutoka hatua saba, ziingie kwenye karatasi yenye ukubwa wa sahani. Amri ya mahakama ya kumzuia asinikaribie nilikuwa nayo pia. Niliwahi kuwa nayo hata siku aliyonivunja mkono.

Uwanja wa shabaha wa kaunti yetu uko ndani ya machimbo ya zamani ya mawe. Mwalimu wa wanawake pale ni Verlene Cobb, miaka sabini na moja, aliyekuwa askari magereza huku Tennessee tangu kabla sijazaliwa. Aliigeuza bastola yangu kiganjani.

"Nani kakuuzia hii?"

Nikamwambia ni mwanamume mmoja dukani, aliyesema ndiyo inayowafaa wanawake.

"Alidhani anakuuzia pochi. Mwanangu, hii ndogo ndiyo inayopiga teke kuliko zote. Haina uzito wa kulipunguza, teke lote unakula wewe."

Nilimweleza kwamba zile bastola za kisasa, ambazo lazima uuvute mgongo wake nyuma ndipo risasi ipande, nilijaribu tatu na kifundo kilikataa zote. Bastola ya silinda haidai hivyo. Inadai kidole tu. Alinishika mkono, akazipapasa skrubu moja moja chini ya ngozi. Kisha akasema basi ni hii, nipige.

Risasi ya kwanza iliingia karatasini. Ya pili ilikwenda kushoto, ikapiga jiwe. Ya tatu haikutoka: kidole kilifika nusu ya safari kikakwama, mtutu ukitetemeka.

"Risasi mbili na sala," alisema Verlene. "Tumeanzia hapo."

Alinifundisha kuivaa kabla ya kunifundisha kitu kingine. Nivae mkanda mgumu, maana mkanda laini huilaza bastola ubavuni kama samaki aliyekufa. Nikiitia mfukoni, iwe ndani ya ala yake, na mfuko huo usiwe na kitu kingine, hata ufunguo. Nivae nikipika, nikifua, nikienda sokoni. Wiki ya kwanza niliamini kila mtu anaiona. Kwenye foleni ya duka nilikuwa naigusa kila dakika kupitia sweta, mpaka Verlene, aliyenisindikiza siku hiyo, akaniinamia sikioni: "Acha kuipapasa. Unaonekana kama mtu aliyenyoa ndevu jana."

Mazoezi makubwa yalikuwa ya nyumbani, bila risasi, kufyatua patupu mara mia kila jioni. Sheria zake zilikuwa chache na hakukubali mjadala. Risasi zitoke chumbani. Zangu zilikaa jikoni ndani ya kopo la kahawa. Fungua silinda, tazama matundu matano, kisha yaguse kwa kidole. Elekeza kwenye alama moja ukutani, alama hiyo tu. Ukimaliza, ibandue alama, useme kwa sauti, "Mazoezi yamekwisha," ndipo ujaze risasi, uitie alani, na usiiguse tena mpaka kesho.

"Watu hawajipigi risasi wakati wa mazoezi," aliniambia. "Wanajipiga baada ya mazoezi. Mtu ameshajaza, halafu anajiambia, ngoja mara moja tu ya mwisho."

Niliyaandika maneno hayo. Nilikuwa naandika kila kitu. Tarehe 29 nilifyatua mara kumi na moja kabla mkono haujatetemeka. Tarehe 4 Oktoba mara thelathini na nane. Tarehe 8, kule machimboni, niliingiza risasi nne kati ya tano. Usiku mkono ulivimba nikaulaza kwenye barafu, lakini hesabu ilikuwa inapanda, na siku sita zilibaki.

Tarehe 9, saa kumi na mbili jioni, nilimaliza mia yangu. Nikabandua alama, nikasema yamekwisha, nikajaza, nikaitia alani. Simu ikalia. Ilikuwa sauti ya mashine, ile inayowapigia wale walioumizwa, ikanijulisha kwamba mfungwa Garland Teague ameachiwa leo saa sita mchana kwa sababu ya mwenendo mzuri. Ikaniomba nibonyeze moja kuthibitisha kwamba nimesikia. Nikabonyeza moja.

Saa sita zilikuwa zimepita. Kutoka gerezani hadi kwangu ni mwendo wa saa mbili.

Nilitaka kujua kama mkono utakubali. Sikuwaza zaidi ya hapo. Niliichomoa, nikaielekeza pale ilipokuwa alama, nikavuta. Kifyatuo kilirudi bila kutetemeka hata kidogo, laini kutoka mwanzo hadi mwisho. Kati ya mara zote nilizowahi kuvuta, hiyo ndiyo iliyokuwa safi kuliko zote.

Nyumba zetu ni zile zinazovutwa na lori, kuta zake bati jembamba na mbao laini. Risasi ilipita ukuta wangu, ikavuka uchochoro, ikapita ukuta wa jirani yangu mzee Odell Pruitt, ikaishia kwenye friji lake. Nilikimbilia huko huku masikio yakivuma. Alikuwa amesimama karibu na jiko, bakuli la maharage mkononi.

"Lorna," alisema, "kama ni kelele za redio, ungegonga tu."

Kiti chake kilikuwa mezani. Tundu ukutani lilikuwa usawa wa kifua cha mtu aliyekaa. Alikuwa ameinuka kuchukua mkate wa mahindi. Nilipoliona tundu hilo nilikaa sakafuni, na ni yeye mzee aliyenipa maji.

Odell hakuita polisi, ila mtu mwingine aliita. Afisa aliyekuja alikuwa mpole. Aliandika, akapiga picha, akaitia bastola yangu kwenye bahasha kama kidhibiti. Nilimwambia nani ameachiwa leo, nikamwonyesha amri ya mahakama, nikamuuliza nitarudishiwa lini. Alisema hakimu atalisikiliza shauri mwezi ujao, tarehe 12.

"Akija, tupigie," alisema.

Nilimuuliza wanachukua muda gani kufika huku. Aliniangalia, akaona kwamba nataka jibu la kweli. Dakika ishirini na tano, alisema, kama barabara ni nzuri.

Nilimpigia Verlene. Alifika kabla ya saa mbili usiku. Alinitaka nimweleze kila hatua kwa mpangilio wake, nami nikamweleza bila kujitetea. Kisha nikamwomba aniazime bastola yake.

"Hapana."

"Verlene, yuko njiani."

"Najua. Na leo, kivuli kikipita dirishani, utavuta. Anaweza kuwa Odell. Fungasha."

Nilisema sihami. Hakubishana. Aliketi mezani kwangu, bastola yake kiunoni, akangoja. Nilitazama daftari langu: kumi na moja, thelathini na nane, nne kati ya tano. Hapakuwa na safu ya kuandika siku hii.

Nilifungasha begi moja. Odell alikubali kwenda kulala kwa binti yake. Verlene alipotoa funguo zangu ili afunge mlango, nilimwambia auache wazi. Akikuta umefungwa, ataung'oa, na huo mlango bado ni wangu.