Malakwang Begani mwa Atoo

Jumapili, kabla ya ibada ya pili, Laker aliketi kwenye benchi lao la kila wiki katika kanisa la Bwaise, akaona mche wa malakwang umechipua kwenye bega la kushoto la Atoo, pale kamba ya mkoba hukaa. Shina jekundu, majani membamba. Laker aliijua mboga ile kama anavyowajua watoto wake. Mbegu alipewa na mama mkwe alipoolewa na Fabiano, askari polisi, na tangu afiwe na mume alikuwa akiipanda kando ya kinamasi na kuwauzia Waacholi wenzake.

"Umeimwagilia?" aliuliza.

"Asubuhi, Mama Okwera. Ila inawasha," Atoo alijibu, akafungua kitabu cha nyimbo.

Atoo hakuwa na shamba. Alikuwa na kibanda cha simu, na kila Ijumaa alifunga na kuomba pamoja na Laker. Maafisa walipokuja kukagua mashamba kwa ajili ya ruzuku ya wakulima, Laker alikuwa hospitalini na mtoto. Alimwomba Atoo asimame shambani kwa niaba yake. Katika kambi ya polisi walikokuwa majirani, watu walisimamiana hivyo: ukiwa haupo siku ya kugawa unga, jirani huitikia jina lako, akakuletea unga wako wote.

Ruzuku ilikuwa ya kujengea tuta. Bila tuta, mvua zingeondoka na shamba.

"Hawakuandika mtu wa kwetu, dada," Atoo alimwambia jioni ile. "Tuendelee kuomba."

Waliendelea. Kisha Laker akaenda ofisini kuuliza nani amelipwa. Afisa Fadhul alimjibu kwa upole kwamba majina ya waliolipwa ni siri. Laker akarudi nyumbani, akafunga kula, akamwomba Mungu aweke kila kitu wazi.

Mungu alikiweka wazi. Juma lile mahindi yalimwotea diwani mgongoni, na fundi cherehani akampasulia koti. Mwenye baa mmoja wa Kabalagala aliotewa na mgomba. Waendesha boda wakamtoza nauli ya watu wawili. Watu waliwatazama, wakasema mazao ya mwaka huu yamestawi, wakaendelea na shughuli zao.

Jumapili ile, ibada ilipokwisha, Laker alimshika Atoo mkono.

"Uliwaambia shamba ni lako."

"Waliniuliza ni la nani, na mimi nimesimama ndani yake. Ningesema nini?" Atoo alitazama viatu vyake. "Nilitaka kukwambia, dada. Lakini kila nikifungua mdomo, wewe unaanza kuomba."

"Na pesa?"

"Ilikwisha. Chuma majani, upikie watoto."

Laker alichuma. Uchachu wake ulikuwa ule ule.

Mvua zikaja. Maji yalilichukua shamba, yakaingia nyumbani na kuondoka na chungu cha mbegu kilichokuwa chini ya kitanda.

Msimu uliofuata Fadhul alirudi kuandikisha wakulima. Safari hii hakushuka kinamasini. Hakukuwa na haja ya kuchafua viatu. Alisimama nje ya kanisa, akaandika kila mtu mwenye zao mwilini. Laker alipofika mbele, Fadhul alimgeuza taratibu, akayapapasa mabega yake.

"Nyabo, mama yangu, wewe si mkulima."

Laker alimwonyesha viganja vyake. Fadhul aliviangalia kwa heshima.

"Pole kwa kazi," alisema. "Lakini hapa hakuna kitu kimeota."

Atoo aliandikwa.

Kisha wakaingia, wakakaa benchi moja kama kawaida. Walipoinama kuomba, majani ya malakwang yaligusa shavu la Laker. Maua yalikuwa yamekwisha kufunga mbegu.

"Dada," Laker alinong'ona, "nigawie mbegu kidogo nipande."

Atoo alimaliza sala yake, akasema amina, akalifunika bega kwa kitenge.

"Nitakuuzia nafuu," alisema.