Majina Nyuma ya Picha

"Muzee, lekea shati yangu kidogo," motari aliniambia pikipiki yake ilipoanza kuteremka mlima wa Kabasha, tukitoka Butembo. "Ukinikamata hivi, batu ba Beni batasema nimebeba bibi-arusi."

Sikuiachia. Nilikuwa nimevaa koti langu la kanisani, na katika mfuko wake wa kifuani ilikuwamo kalamu yangu ya wino, ile ile iliyotenda kosa. Saa nne ilikuwa imepita. Huko Beni, mtaa wa Mulekera, mwanamke mmoja, jina lake Jokébed, alikuwa akimngojea mama yake mdogo, ambaye angefika kutoka Kasugho saa sita ili aitazame picha ya dada yake marehemu. Nilitaka nimtangulie. Kabla jicho la mtu aliyemjua marehemu halijaangukia picha ile, nilitaka niwe nimesema kwa kinywa changu kwamba yule wa pichani si marehemu wao. Jina lililoandikwa nyuma yake nililitunga mimi.

"Ongeza mwendo," nilimwambia motari.

"Unaogopa, na unataka tukimbie! Chagua moja, Muzee."

Picha hiyo ilitoka katika makopo yangu ya biskuti. Miaka mingi iliyopita palikuwa na studio moja Butembo, karibu na soko, na mpiga picha wake alikuwa na pupe mmoja: mtoto wa plastiki mwenye macho ya buluu yaliyojifunga ukimlaza. Kila mtu alitaka kupigwa picha naye. Lakini panya walikuwa wamemla mguu wa kushoto, na mpiga picha hakutaka aibu hiyo ionekane. Kwa hiyo alimfundisha kila mteja kumpakata hivi, na kuweka kiganja hapa. Ninao mabibi-arusi, walimu, askari mmoja mwenye masharubu, hata mtawa. Sura ni mbalimbali, mkono ni ule ule, umefunika mguu usiokuwapo.

Mpiga picha alipofariki, mjane wake, Mama Virginie, alinipa kopo la picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Baadaye nilitafuta nyingine nyumba kwa nyumba, nikabadilishana kwa sabuni na chumvi: watoto wenye gari la waya, wenye mpira wa majani ya migomba, na mvulana mmoja aliyesimama na chukudu, baiskeli ndogo ya mbao isiyo na pedali, ambaye picha yake sikumwonyesha mtu.

Nilibeba magunia ya kahawa hadi nilipofika miaka arobaini. Ndipo nilipoingia masomo ya jioni ya parokia, nikakaa benchi moja na watu waliokuwa na umri wa wanangu, nikajifunza kuandika hadi mwalimu akawaita wengine waje kuutazama mwandiko wangu. Mtu aliyeipata herufi kwa jasho namna hiyo haoni karatasi tupu akaiacha. Picha zangu zilikuwa tupu mgongoni. Zilinisikitisha, kama makaburi yasiyo na msalaba.

Nikaanza kuziandika. Msichana mmoja alikuwa amevaa sweta nzito, nikasema huyu ametoka kwenye baridi ya Lubero. Uso wake ulikuwa na ukali wa mtoto wa kwanza aliyelea wadogo zake, na kwetu binti wa kwanza huitwa Masika. Liite jina hilo sokoni, uone vichwa vitakavyogeuka. Nikaandika kwa wino mweusi, kwa herufi zenye mikia mizuri: *Masika, Lubero, 1976.* Niliandika kama mtu aliyekuwapo. Sikuona kwamba ni uongo. Niliona kwamba ni heshima.

Miaka ikapita. Halafu, mwaka huu, Jokébed akabisha mlangoni kwangu.

Alikuwa amesikia kanisani habari za mzee mwenye picha. Mama yake, Masika wa Lubero, alifariki siku aliyomzaa. Picha ilikuwapo moja, amempakata yule pupe, lakini mke wa pili wa baba aliitupa kabla Jokébed hajawa na akili ya kuitazama.

"Papa Zorobabel," aliniambia, "kule kwetu, kila tunakimbia vita, batu banabeba picha ya bazazi babo. Miye ninabeba sufuria."

Nilimfungulia makopo. Alizitazama taratibu, moja moja, akiifuta kila moja kwa pembe ya kitenge ingawa hazikuwa na vumbi. Alipofika kwenye ile ya msichana wa sweta akaigeuza. Akasoma kwa midomo. Akapiga magoti palepale kwenye sakafu yangu ya simenti, akaiweka picha shavuni.

Ilikuwa saa ya kusema. Ulimi ulikuwapo, na neno lilikuwapo.

"Una hakika, mama?" ndilo pekee lililotoka.

"Muandiko muzuri hivi," akasema akilia na kucheka, "itasema bongo, itadanganya mutu namna gani?"

Basi nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu ya machozi yake, hivyo ndivyo nilivyojiambia; lakini najua kwamba nilinyamaza pia kwa sababu ya ile sifa. Aliondoka nayo. Nilisikia kwamba ameitia kwenye fremu, kwamba jirani wamekuja kuiona. Kisha, juzi, akanipigia simu kwa furaha: mama yake mdogo, Kyakimwa, anakuja kumwona dada yake, na mimi nimealikwa kwenye chakula.

Kwenye bariere, kizuizi cha barabarani, askari aliigeuza kadi yangu mara mbili.

"Unaenda kufanya nini Beni, Muzee?"

"Kusahihisha neno moja."

"Ah, donc uko mwalimu! Pita, mwalimu."

Siku nyingine ningelala na neno hilo kama mto. Siku hiyo lilinichoma.

Nilichelewa. Nilipofika Mulekera, kina mama walikuwa wamekwisha kuketi kwenye viti vya plastiki, sombe ya majani ya muhogo inanukia, na bibi mwembamba mwenye fimbo alikuwa amesimama mbele ya ukuta. Fremu ilikuwa juu kidogo ya kichwa chake. Jokébed alikuwa amemshika kiwiko.

"Njo yeye, mama mudogo? Sema. Njo mama yangu?"

Bibi Kyakimwa akainua macho. Alimtazama msichana wa sweta kwa muda mrefu, kisha akamtazama Jokébed, naye Jokébed alikuwa amependeza siku hiyo, amesuka nywele, amevaa kama wa harusi. Niliuona uso wa yule bibi ukibadilika. Ulilegea, ukajaa huruma, na kinywa kikaanza kufunguka. Nikajua atasema nini. Angesema ndiyo. Ningepona mbele ya watu wote, nirudi Butembo na heshima yangu. Nilikuwa nikiutazama mkono mwingine tena ukienda kuufunika ule mguu.

"Si yeye," nilisema kutoka mlangoni.

Wote wakageuka.

"Msichana huyo simjui. Jina nililiandika mimi. Nililitoa kichwani."

Kijiko kililia kwenye sahani. Jokébed alinijia hadi nikaisikia pumzi yake.

"Uliniangalia nikipiga magoti."

"Ndiyo."

"Na ukanyamaza."

"Ndiyo, mwanangu."

"Usiniite mwanangu."

Akaishusha fremu, akatoa vibanio vya nyuma kwa kucha, akaiweka picha kifudifudi juu ya meza. "Leta ile kalamu yako."

Nikainama mezani mbele ya kina mama wale. Nilikata mstari juu ya Masika, juu ya Lubero, juu ya mwaka. Nikauliza niandike nini. "Kweli," akasema. Nikaandika *Simjui*, na ni neno baya kuliko yote niliyowahi kuandika. Herufi zilipinda kama za mtoto wa siku ya kwanza.

Nilidhani atanirudishia picha. Aliitia tena kwenye fremu, akaitundika.

"Ya mama yangu, pengine iko ku ukuta ya mutu mwingine," alisema bila kunitazama. "Ule mutu amuchunge vile miye nitachunga huyu."

Bibi Kyakimwa akaketi, akaigonga fimbo chini. "Ikala hapa, Jokébed. Masika alikuwa mweusi kukupita. Na kama anacheka, anafunika meno na mukono, sawa vile unafanyaka wewe." Jokébed akaketi miguuni pake. Mimi nilikula nje pamoja na motari, naye, kwa mara ya kwanza siku ile, hakunitania.

Tangu hapo nazitoa picha kopo kwa kopo, nazigeuza, nakata majina. Simjui. Simjui. Mwandiko umeanza kunyooka tena. Nimekwisha kuzimaliza zote ila moja, ya yule mvulana mwenye chukudu ya mbao. Hakuna aliyewahi kunipiga picha nilipokuwa mtoto. Nyuma yake, kwa wino mweusi na mikia mizuri, niliandika jina langu: *Zorobabel, 1959.*

Iko mezani hapa. Kalamu iko kando yake, na kifuniko nimekwisha kukifungua.