Picha ya Mama Dirishani

Saa nne kasorobo asubuhi mpiga picha alikuwa ameketi sebuleni kwa mama yake, simu mkononi, akisubiri saa nne kamili. Miaka sita ya kutangaza picha zake za safari mtandaoni ilikuwa imemfundisha kwamba picha ikipandishwa mapema hupotea, na ikichelewa hukuta watu wamechoka kusifu. Aliandika maneno machache chini ya picha, akafuta neno la mwisho, akalirudisha. Saa nne ilipogonga, akabonyeza.

Katika kila picha yake kulikuwa na mtu aliyempa mtazamaji mgongo, akielekea mlimani, ziwani au kwenye barabara ndefu. Alikuwa ameona kwamba uso una mwenyewe, lakini mgongo kila mtu anaweza kujiweka mahali pake. Kwa hiyo kila alikofika aliwaambia watu, "Nipe mgongo. Hapohapo. Usigeuke." Wachungaji walimpa, wauza matunda walimpa, mwalimu mmoja aliyekuwa akitoka kazini alimpa. Aliwashukuru akiwa nyuma yao na kukimbilia basi lingine.

Safari hii mwenye mgongo alikuwa mama yake. Dada yake mkubwa, aliyekuwa akiishi na mama, alikuwa amempigia simu kusema kwamba miguu ya mama imeanza kukataa, na kwamba mama anamuulizia. Alikuja kwa siku mbili. Jioni aliyofika, alipofungua mlango, alimkuta mama kwenye kiti karibu na dirisha, mwanga umetua juu ya kitambaa chake cha kichwa. Mama alisikia mlango, akaanza kugeuka.

"Usigeuke, mama. Hapohapo," alisema, kabla hata ya kumwamkia.

Mama alitulia. Baada ya muda aliuliza, "Tayari?"

"Bado kidogo."

Kisha akaenda kukaa nje, mahali simu iliposhika mtandao vizuri, achague picha iliyo bora. Aliporudi, mama alikuwa ameshapelekwa kulala.

Kufikia adhuhuri picha ilikuwa imefika mbali kuliko zote alizowahi kuweka. Watu wasiojuana waliandika kwamba wamewaona mama zao. Mpiga picha aliweka simu chini, akasogeza kigoda mbele ya kiti cha mama ili amsalimie vizuri. Akakuta mgongo. Akazunguka upande wa dirisha, akakuta mgongo. Akaleta kioo cha chumbani akakisimamisha mbele ya kiti, na kwenye kioo pia kulikuwa na kitambaa cha kichwa, fundo lake la kisogoni likionekana.

"Dada," aliita, "mama amekaaje?"

"Amekaa vizuri tu," dada alisema. Alikuwa akikunja mashuka. "Anatabasamu."

"Mimi naona mgongo."

"Si ndio uliouomba, bwana mkubwa? Nishikie pembe hii ya shuka."

Aliishika. Walikunja mashuka manne.

Muuguzi aliyekuja kumpima mama presha hakuona ajabu pia. Alisema mtaa wa pili kuna mzee ambaye binti yake hupiga picha za mikono tu, na sasa akija kumtembelea huona mikono miwili juu ya godoro. "Binti huyo akigombezwa hajui atazame wapi," muuguzi alisema, akifungasha vifaa vyake. "Wewe una nafuu."

Jioni mpiga picha alisimama nyuma ya kiti. Mahali pengine pa kusimama hapakuwapo.

"Mama, tayari. Geuka sasa."

"Nimeshageuka zamani, mwanangu. Nakusikia vizuri leo. Mtandao hausumbui."

"Siongei kwa simu, mama. Nimerudi. Niko hapahapa."

"Ndivyo ulivyosema hata mwaka jana. Uko njiani, uko njiani." Alicheka kidogo, mabega yakatikisika. "Umekula?"

"Nimekula."

"Haya. Usiache kuvaa sweta huko."

Dada alimvuta jikoni. "Ifute ile picha."

"Unadhani atageuka?"

"Sijui. Ifute tuone."

Akaifungua. Kidole kilipokuwa juu ya neno la kufuta, ujumbe uliingia. Wenye hoteli moja ya milimani walikuwa wameiona picha ya bibi dirishani, na wangependa awapigie nyingine za namna hiyo. Walimwomba aiweke juu kabisa kwenye ukurasa wake mpaka wakubwa wao waione.

"Wiki moja," alimwambia dada. "Wakishajibu, naifuta."

Dada alifunua sufuria. Alimpa bakuli la uji na kijiko.

Wenye hoteli walijibu baada ya siku tatu, wakakubali. Alikwenda, akarudi. Picha ikaendelea kukaa juu kabisa, kwa sababu wengine nao walikuwa wakiitazama. Aliacha kusema "wiki moja". Alichofanya ni kujifunza: kusimama nyuma ya kiti, kupitisha kijiko juu ya bega, kuutafuta mdomo kwa kidole kidogo, kungoja mpaka ahisi umefunguka. Mara ya kwanza alimwaga uji kifuani. Baada ya mwezi hakumwaga tena tone. Wakati mwingine kidole kiligusa shavu likiwa na maji, na hakujua kama ni uji au ni nini, wala hakumuuliza dada, ambaye angeweza kumwambia.

Mama alisali kila jioni baada ya kula, kwa sauti, kama alivyosali miaka yote sita.

"Ee Mungu, mlinde mwanangu huko aliko. Mrudishe nyumbani, nimwone uso kabla hujaniita."

"Amina," dada alisema.

"Amina," mpiga picha alisema, hatua moja nyuma, bakuli mkononi.

Mama aliinamisha kichwa, akangoja kidogo, kisha akaomba apelekwe kulala. Dada alimshika mkono. Mpiga picha aliwatazama wakienda taratibu, mgongo mmoja na uso mmoja ulioelekezwa kwa mama, mpaka pazia likashuka. Simu ikalia. Mtu fulani alitaka kujua mahali pale pazuri pa pichani ni wapi na mgeni anafikaje. Alimwandikia jina la mtaa, basi la kupanda na kituo cha kushuka, akaongeza kwamba mwanga huwa mzuri zaidi saa kumi na moja jioni, na kwamba wenyeji ni wakarimu.